Mbuzi wangu wanaliwa na fisi: nichukue mbwa gani, German Shepherd au Anatolia?

MFUGAJI WA MLALI (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Nina mbuzi 84 na kondoo 31 huku Mlali, wilaya ya Kongwa. Mwenyewe nafanya kazi Dodoma mjini, naenda shambani Ijumaa jioni narudi Jumapili. Siku nyingine yupo kijana wangu wa kazi na mama yake, wanaishi palepale. Tangu Mei nimepoteza mbuzi tisa: watatu wamechukuliwa mchana malishoni, sita usiku zizini.

Huyu wa mwisho ameniuma kuliko wote. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa usiku, nami nipo. Nilisikia mbuzi wamekurupuka wote kwa pamoja, halafu kimya. Nikatoka na tochi. Fisi alikuwa amepenya chini ya miiba, pale maji ya masika yalipochimba kijifereji, anamvuta jike langu la aina ya Malya kwa mguu wa nyuma kupitia tundu lilelile. Nilimpiga jiwe akaachia. Yule jike akainuka, akajikongoja hatua nne tano, akaenda kusimama katikati ya wanawe wawili huku utumbo uko nje. Nikamchinja mwenyewe kabla ya alfajiri. Watoto wake nawanywesha maziwa kwa chupa mpaka leo.

Nimeamua kutafuta mbwa. Rafiki yangu mjini ana German Shepherd dume wa miezi minne, keshachanjwa, anataka laki sita. Mtu mwingine yuko Arusha, wazazi wa mbwa wake walitoka Afrika Kusini, ana watoto wa Anatolia wa wiki saba. Huyo anataka milioni moja na laki mbili, na nimfuate mwenyewe.

Pesa yangu inatosha mmoja. Naombeni mwongozo, hasa kwa waliowahi kufuga hawa mbwa pamoja na mifugo. Nimechoka kuzika.

KIJANA WA NZUGUNI

Kaka pole sana. Chukua German ulale usingizi. Polisi wanamtumia, jeshi wanamtumia, ana akili na anasikia. Mimi ninao wawili hapa nyumbani, tangu 2021 hakuna mtu aliyeruka ukuta wangu. Na jina lenyewe linasema ni mbwa wa mchungaji. Hao Anatolia hapa kwetu nani anawajua?

MBONGO WA OTJIWARONGO

Mkuu wa Nzuguni, uliyoyasema kuhusu German ni kweli tupu, na kwa sababu hizohizo mimi singempeleka Mlali. Naomba mnivumilie niandike kwa kirefu. Nimefanya kazi miaka mitano kwenye shamba la mbuzi karibu na Otjiwarongo, Namibia, na mbwa wa Anatolia nimewalea kwa mikono yangu.

Tuanze na hilo jina. Wote wawili wana jina la mchungaji, ila kazi zao hazifanani hata kidogo. German Shepherd alitengenezwa Ujerumani na afisa mmoja wa jeshi la farasi, Max von Stephanitz. Mwaka 1899 alinunua mbwa akampa jina la Horand von Grafrath, na huyo ndiye wa kwanza kuandikwa kwenye daftari la aina hiyo. Mababu zake walichunga kondoo kweli, lakini namna ya kule. Malisho yalikuwa vipande vyembamba katikati ya mashamba ya watu, hakuna uzio. Mbwa alikuwa anakimbia kutwa kwenye mstari wa mpaka, huku na kule, kondoo asivuke kula ngano ya jirani. Yeye ndiye alikuwa uzio. Mwenye kondoo yupo, anamwona, anampa amri. Usiku kondoo wanafungiwa, mbwa anaondoka na bwana wake.

Ndiyo maana polisi wanampenda. Kazi yake yote ni kumtazama binadamu na kusubiri neno lake. Mwache peke yake na mbuzi siku tano, bwana hayupo, kijana wa kazi hajui kumtuma, uone. Ile hamu ya kukimbiza kitu kinachokimbia haijamtoka, na kitu kinachokimbia hapo zizini ni mbuzi wako.

Anatolia ni habari nyingine. Anatoka nyanda za juu za Uturuki, na wale maarufu zaidi, Kangal, wamepewa jina la wilaya ya Kangal katika mkoa wa Sivas. Wachungaji wa kule wana mbwamwitu na dubu. Hawakuhitaji mbwa wa kuswaga kondoo, kuswaga walikuwa wanaswaga wenyewe. Walitaka mbwa atakayelala na kondoo, atembee na kondoo, na mbwamwitu akitokea asimame katikati. Wanamvisha kola ya chuma yenye miiba ili adui asipate pa kumshika shingo. Dume aliyekomaa ni kilo 50 hadi 65. German dume ni 30 hadi 40.

Huyu hasubiri umwambie. Ukimwita wakati ameona kitu, atakugeukia, atakutazama, kisha atarudi kwenye shughuli yake. Wageni wa shamba letu walikuwa wanasema mbwa mkaidi. Ni kwamba tangu zamani alichaguliwa aamue mwenyewe usiku, bwana amelala.

Namibia wafugaji walikuwa wanawapiga risasi duma kwa sababu ya mbuzi na ndama. Dkt. Laurie Marker alianzisha mfuko wa kuhifadhi duma mwaka 1990, na 1994 wakaanza kuwapa wafugaji watoto wa Anatolia. Wengi waliopewa walieleza kwamba hasara ilipungua kwa asilimia 80 na zaidi. Mara nyingi mbwa hapigani kabisa. Anabweka, anasogea mbele, anajionyesha alivyo mkubwa. Duma hataki kuumia, maana akiumia hawezi kuwinda, basi anaondoka. Kwa hiyo mbwa huyu anaokoa mbuzi na anamwokoa duma na risasi.

MFUGAJI WA MLALI

Mkuu, asante sana, hapa najifunza. Sasa nauliza: duma si fisi. Huku wanakuja watatu, wanne. Mbwa mmoja atawaweza?

MBONGO WA OTJIWARONGO

Hapana, na yeyote atakayekuambia anawaweza anataka kukuuzia. Fisi madoa mkubwa anafikia uzito wa huyo mbwa, na taya lake linavunja fupa la nyati. Anatolia mmoja dhidi ya fisi wanne ni kumpeleka machinjioni. Kazi yake usiku ni kugundua mapema na kupiga kelele, ili fisi asipate ule ukimya anaoutaka na kijana wako aamke. Zizi lazima lizibwe. Ziba kile kijifereji kesho, kabla hujafikiria mbwa yeyote. Mchana malishoni, kwa mbweha na chui, hapo ndipo atakurudishia pesa yako.

MAMA WA KAJIADO

Hamjambo ndugu zangu. Mimi niko Kajiado, Kenya, nina kondoo wa Dorper na mbuzi wachache. Nataka kueleza yaliyonipata na German, maana nilimpenda sana na bado nampenda.

Tulimnunua akiwa na miezi mitano. Kwa lango hana mfano. Mtoto wangu mdogo alimfundisha kuketi, kulala, kuleta viatu, kwa wiki mbili. Tukaona huyu ana akili, tumpeleke na kondoo. Siku za kwanza alikuwa anawazunguka tu, kichwa chini, mkia umenyooka, nasi tunashangilia kwamba anachunga. Nilikuja kuelewa baadaye. Alikuwa anamchagua mmoja. Anamtoa kwa wenzake, anamkimbiza mpaka kwa ua, anamwachia, anarudi kuchagua mwingine. Hakumla hata mmoja. Lakini mwezi huo majike matatu yaliharibu mimba, na kondoo wakikimbizwa kila siku hawanenepi. Mzee mmoja jirani alikuja akasimama kwa ua akatazama dakika tano, akaniambia, “Mama, huyu mbwa anacheza, na hawa kondoo wanaona simba.”

Tukamrudisha kwa lango. Ana miaka saba sasa. Anapokea mgeni kwa heshima, mwizi anamjua. Sikumlaumu, mimi ndiye nilimpa kazi isiyo yake.

KIJANA WA NZUGUNI

Mama shikamoo. Hilo la kuharibu mimba sikuwahi kulifikiria. Wangu hawajawahi kukutana na mbuzi hata siku moja, nimeongea kwa kadiri ya ninavyowaona nyumbani.

MWANA WA SIMANJIRO

Nasoma uzi huu na kuna kitu naona kinarukwa. Sisi tumelala na mifugo kati ya simba na fisi tangu mababu, na hatukuwa na mbwa wa Uturuki wala wa Ujerumani. Tuna mbwa wetu. Mdogo, anakula kidogo, kupe wamemzoea, jua limemzoea. Anatoka asubuhi na watoto na mbuzi, anarudi nao jioni. Akibweka kwa namna fulani mama anajua ni mgeni, akibweka kwa namna nyingine wanaume wanachukua mikuki. Milioni moja na laki mbili ni mbuzi wangapi? Na huyo mbwa akigongwa na nyoka wiki ya pili?

Halafu zizi. Kwetu kuna familia nyingi zimepanda miti hai kuzunguka boma, wakaifunga wavu wa waya juu yake. Mti unakua, wavu unashikwa, mchwa hawali nguzo kwa sababu nguzo iko hai. Fisi anakuja, anazunguka, anaondoka. Anza hapo kaka.

MBONGO WA OTJIWARONGO

Ndugu wa Simanjiro, sina la kupinga. Botswana wanaoshughulika na duma wanawatumia mbwa wa kienyeji, wale wa Kitswana, na wanafanya kazi vizuri kwa gharama ndogo. Hata Wanavaho, wenyeji wa asili wa Marekani, wanalinda kondoo kwa mbwa mchanganyiko wasio na jina. Kinachomfanya mbwa awe mlinzi wa mbuzi, sehemu kubwa ni kulelewa ndani ya mbuzi tangu mdogo. Damu inaongezea. Kinachokosekana kwa mbwa wetu ni mwili: mbweha atamkimbia, chui hatamkimbia.

Tofauti nyingine ni kwamba mbwa wenu anatembea na watu. Nyuma yake kuna mikuki. Mleta mada ana kijana mmoja.

DAKTARI WA MALISHO

Mimi ni daktari wa mifugo, nimestaafu, nina duka la dawa. Nawashukuru mnaoandika kwa uzoefu. Niongeze yale ninayoyaona mezani kwangu.

German Shepherd anasumbuliwa sana na nyonga. Kabla hujatoa laki sita, mwangalie baba na mama yake wakiinuka kutoka kulala na wakitembea. Akiinuka kwa kujivuta miguu ya nyuma, au akikimbia kwa kuruka kama sungura, achana naye. Anatolia naye ni mzito, asinenepeshwe haraka akiwa mdogo. Wote wawili wana kifua kirefu na tumbo linaweza kujipinda likamuua kwa saa chache. Chakula kigawe mara mbili kwa siku, na asikimbizwe akishiba.

Chanjo. Ya distempa na parvo, magonjwa ya virusi ya mbwa, huanza wiki ya sita hadi ya nane, inarudiwa mpaka afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Msiichukulie distempa kama jambo la mbwa peke yake. Mwaka 1994 ugonjwa huo uliingia Serengeti na karibu theluthi moja ya simba wa kule walikufa. Virusi vilihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani. Mbwa asiyechanjwa karibu na wanyamapori ni hatari kwa wote.

Mbwa wa kigeni hana kinga ya magonjwa yetu. Kupe watampa homa, na mahali penye ndorobo atapata ugonjwa wa mbung'o: utaona jicho linafifia, linakuwa na ukungu wa buluu, anakonda. Usisubiri wiki. Karibu na Ruaha mradi mmoja wa uhifadhi uliwaletea wafugaji Anatolia, kwa hiyo si mara ya kwanza kwa mbwa hawa kuingia nchini kwetu, lakini ni mbwa wa kutazamwa mwili mzima kila jioni. Fumbua masikio, pekua katikati ya vidole.

Sasa yale mawili yanayoniumiza moyo kila mwaka. La kwanza, wafugaji mnawachoma mbuzi ivamektini, ile dawa ya minyoo, inabaki kwenye sindano, mnamchoma na mbwa. Kipimo cha mbuzi kinaweza kumuua mbwa, na kuna German Shepherd wanaorithi udhaifu unaoiruhusu dawa hiyo kupenya mpaka kwenye ubongo. Anaanza kuyumba, anatoka mate, anapofuka, anakufa. Njoo dukani tumpime uzito.

La pili, msimpe mbwa kichwa kibichi cha mbuzi wala ini lenye vifuko vya maji. Ule ugonjwa wa kizunguzungu, mbuzi anazunguka upande mmoja mpaka anaanguka, unatokana na minyoo ya mbwa. Mbwa anakula ubongo wenye kifuko, minyoo inakua tumboni mwake, anakunya malishoni, mbuzi anakula majani, kifuko kinaota ubongoni. Mlinzi wa mbuzi ndiye anakuwa muuaji wao. Chemsha, na mpe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu. Vile vifuko vya ini na mapafu vinaingia hata kwa binadamu.

MFUGAJI WA MLALI

Dokta, mbuzi wawili walizunguka hivyo mwaka jana, nikaambiwa nimelogewa mifugo. Nimesoma ujumbe wako mara tatu.

Nina maswali matatu. Mama wa kijana wangu ana wajukuu wanaokuja likizo, Anatolia si atawauma? Malisho yetu ni ya wote, majirani wanapita na mifugo na mbwa wao, itakuwaje? Na je, naweza kumchukua yule German nimlee zizini tangu sasa, awe kama Anatolia?

MBONGO WA OTJIWARONGO

La mwisho kwanza. Miezi minne ameshachelewa. Dirisha la kumfanya awaone mbuzi kuwa ndugu zake liko wazi mpaka kama wiki ya 16, na yeye hizo wiki amezitumia sebuleni. Hata angekuwa wa wiki saba, ungekuwa unapigana na miaka mia moja ya kuchaguliwa kumfuata mtu.

Watoto: mbwa atakayelelewa shambani akawakuta watoto wanaingia na kutoka kwa utulivu atawazoea. Wafundishwe wasimkimbilie, wasikimbize mbuzi mbele yake, wasimguse anapokula. Mgeni aite kutoka mbali na asubiri kijana atoke.

Majirani ndilo swali zito, na nafurahi umeliuliza. Mashamba ya Namibia mengi yana uzio. Kwenye malisho ya wote, Anatolia asiyezoeshwa ataona mbwa wa jirani ni adui na atamuumiza. Mtembeze akiwa mdogo, apitishwe kwa kila mwenye mbuzi wa eneo lenu, mbwa wao amnuse, wachungaji wamwite jina. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji umweleze kabla hajafika. Na awe na mchungaji kila anapotoka. Kama huwezi hayo, mfuate ndugu wa Simanjiro: tafuta watoto wawili wa kienyeji wenye mifupa mikubwa, mama yao awe wa zizini, uwalee vilevile.

Ukimchukua Anatolia, usiku wa kwanza alale zizini. Mtengee kona kwa fito, pana kiasi cha kutosha, mbuzi wapole wawili watatu waingie, hasa wale yatima wako wa chupa. Wawili wana umri mmoja, watakua pamoja. Awe na upenyo wa kujificha, maana jike mwenye mtoto atamgonga. Kijana amlishe humohumo, amguse, amfunge kamba ajue kushikwa, lakini asimchezeshe na asimlaze nyumbani. Ile huruma ya kumwingiza ndani akilia usiku ndiyo imeharibu mbwa wengi kuliko chui.

Kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili atawasumbua wana wa mbuzi, atang'ata masikio, atavuta manyoya ya kondoo. Ni ujana. Mtundikie kigogo shingoni, kining'inie mbele ya magoti, kimzuie kukimbia. Kijana amkemee palepale. Usimuuze wakati huo. Mpaka miaka miwili ndipo utasema una mbwa.

MAMA WA KAJIADO

Na wewe mwenyewe ukienda Jumamosi usimwite akuje kwako kwanza. Ingia zizini, msalimie akiwa na mbuzi wake.

MFUGAJI WA MLALI

Wakuu, mrejesho. Naomba radhi kwa kimya, ni miezi minane.

Niliziba zizi kwanza. Niling'oa miiba yote upande wa chini, nikachimbia wavu futi moja ardhini, na miti nimepanda. Wiki tatu baadaye nikaenda Arusha. Nilimchukua jike, si dume, aliyekuwa ameketi nyuma anatazama wenzake wakipigania sahani. Kijana wangu amemwita Sikitu. German wa rafiki yangu nilimtafutia mwenye ghala pale mjini, na jamaa ananipigia simu kushukuru.

Mwezi wa kwanza alilia usiku nne. Mama wa kijana alitaka kumchukua ndani, nikamsomea maneno yenu. Usiku wa tano akalala katikati ya wale yatima wawili, kidevu chake juu ya mgongo wa mmoja.

Alipofika miezi saba alimng'ata mwana wa mbuzi sikio mpaka likachanika. Nilikasirika, nusura nimrudishe. Kigogo kikavaliwa wiki sita. Ugonjwa mmoja tu, homa ya kupe, dokta alinielekeza kwa simu na tukawahi. Majirani wawili bado hawamtaki na nimewapa haki yao, tunapishana njia asubuhi.

Tangu nizibe zizi nimepoteza mbuzi mmoja, malishoni, siku ambayo Sikitu alikuwa amefungwa kwa ajili ya ile homa.

Jumamosi iliyopita jike mmoja alizaa chini ya mgunga saa nane mchana, kundi limeshasogea mbele. Kijana akadhani mbwa ameenda na kundi. Tuliporudi nyuma tulimkuta amelala kama hatua kumi kutoka kwa yule jike, ametupa mgongo kwao, uso ameuelekeza korongoni ambako mbweha hutokea. Nilimwita kwa jina. Aligeuza sikio moja, hakuinuka. Mtoto aliposimama, akanyonya, na mama yake akaanza kutembea, ndipo na yeye akanyanyuka akawafuata.

Nitaweka picha nikirudi Ijumaa. Dokta, nahitaji dawa ya minyoo, sasa ana kilo 38.